Je, Wajua? AC ya Ukutani Humaliziwa Kutengenezwa Nyumbani Kwako

Kaskazi inapoanza kuikaba pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, makasha ya AC hutoka kwa wingi Kariakoo, Darajani na katika maduka ya Mombasa. Mnunuzi huuliza bei, huuliza BTU, yaani nguvu yake ya kupoza, huuliza kama ni inveta, kisha humwita fundi yeyote aliye karibu aje kuitundika. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Friji hutoka kiwandani njia yake ya gesi ikiwa imezibwa kabisa. Kazi yako ni kuichomeka kwenye umeme. AC ya vipande viwili haiko hivyo. Mashine ya ndani na ya nje huja zimetengana, na njia ya gesi hukamilika siku ile fundi anapoziunganisha kwa mabomba ya shaba. Hatua ya mwisho ya kiwanda hufanyika sebuleni kwako. Umri wa mashine na bili ya umeme huamuliwa kwa sehemu kubwa na saa chache za siku hiyo. Yafuatayo ni mambo ambayo kila mwenye AC, au anayetaka kuinunua, anafaa kuyajua.

AC haitengenezi baridi

Kazi ya AC ni kuhamisha joto. Ndani ya mabomba yake huzunguka kitu kinachochemka kwa urahisi mno. Gesi ya R-32, inayotumika katika AC nyingi mpya, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa. Kitu kinapochemka hunyonya joto kutoka kwa kilicho karibu nacho. Ndiyo maana spiriti anayokupaka muuguzi kabla ya sindano huburudisha ngozi. Ndani ya mashine ya ukutani, gesi huchemka ikiwa kwenye nyuzi 10 hivi au chini yake, na joto la chumba humezwa. Kompresa iliyo nje huikamua gesi hiyo mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, ndipo inapoweza kulitua joto lile na kurudi kuwa kimiminika. Simama mbele ya mashine ya nje ikiwa kazini: upepo moto unaokupiga usoni ni joto la chumba chako, pamoja na joto la umeme ulioliwa na kompresa.

AC ya kwanza ya kisasa ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi

Mwaka 1902, kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn, New York, kilikuwa na shida. Hewa ikiwa na unyevu, karatasi zilitanuka, ikikauka, zilinywea. Rangi moja ilichapwa leo na nyingine kesho, na picha hazikukaa sawa. Mhandisi kijana Willis Carrier, aliyekuwa na umri wa miaka 25 tu, alichora mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili maji yaliyomo hewani yageuke matone na kudondoka. Starehe ya watu haikuwa shabaha. Mkazi wa Tanga au Lamu atauelewa uvumbuzi huo mara moja, maana taabu ya pwani ni joto na unyevu kwa pamoja. Chumba chenye nyuzi 26 na hewa kavu humstarehesha mtu kuliko chumba chenye nyuzi 24 na hewa nzito.

Maji yanayodondoka nje ni sehemu ya kazi

AC ya BTU 12,000 katika hewa nzito ya Dar es Salaam au Unguja yaweza kutoa zaidi ya lita moja ya maji kila saa. Maji hayo yalikuwa mvuke chumbani. Yanatoka kwa kuteremka tu, kwa hiyo bomba lake lazima liwe na mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote na bila mwisho wake kuzama ndani ya ndoo au mtaro. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote: kabla ya kufunga mfuniko wa mashine ya ndani, fundi amimine chupa ya maji kwenye trei. Yakitoka nje bila kusita, kazi ni safi. Asipomimina siku hiyo, ukuta wako utampimia wiki ijayo, kwa doa la kahawia chini ya mashine.

Maji hayo hayafai kunywa, kwa sababu yamepita kwenye vumbi na vyuma, ila yanafaa kudekia na kumwagilia miti. Katika jengo la Burj Khalifa, Dubai, maji ya mitambo ya kupozea hukusanywa na kutumika kumwagilia bustani.

BTU 12,000 ni tani moja ya barafu

Kabla ya mashine hizi, Wamarekani walipoza vyumba na vyakula kwa barafu iliyokatwa kwenye maziwa wakati wa baridi. Mashine zilipokuja, nguvu yake ilipimwa kwa kuuliza: inafanya kazi ya barafu kiasi gani? Ratili moja ya barafu inayoyeyuka hunyonya BTU 144. Tani ya Kimarekani ina ratili 2,000, hivyo ikiyeyuka yote hunyonya BTU 288,000. Gawa kwa saa 24 za siku nzima, unapata BTU 12,000 kwa saa. AC ya ukubwa huo, iliyo ya kawaida katika vyumba vyetu vya kulala, huondoa joto kama ambalo tani moja ya barafu, takriban kilo 907, ingeliondoa kwa kuyeyuka mchana kutwa na usiku kucha.

Kubwa kupita kiasi ni hasara

Wapo wanaoweka BTU 24,000 kwenye chumba kidogo wakidhani watapoa zaidi. AC ya aina ya zamani, inayowaka na kuzima, hukifikisha chumba kwenye baridi haraka, ikazima kabla ya kuondoa unyevu. Matokeo yake ni chumba baridi chenye hewa ya pangoni, nguo zinazonuka ukungu, na kompresa inayowashwa na kuzimwa mara nyingi. Fundi mzuri huuliza kwanza: dirisha linaelekea jua la magharibi? Juu ni bati au zege? Wanalala wangapi? Baada ya hapo ndipo anapotaja namba.

Inveta haizimi, hupunguza mwendo

Mwaka 1981 kampuni ya Toshiba ya Japani ilileta AC ya nyumbani yenye inveta. Kifaa hicho cha umeme huiruhusu kompresa kukimbia au kutembea polepole kulingana na joto lililobaki. Chumba kikishapoa, mashine huendelea taratibu ikila umeme kidogo na kuendelea kukamua unyevu. Sababu hiyo hiyo humtatiza fundi wa kupima: ampea za inveta hupanda na kushuka kila mara, kwa hiyo lazima kwanza aiweke kwenye hali ya majaribio iliyoelezwa katika kijitabu, ndipo usomaji wake uwe na maana.

Kiungo kidogo kuliko vyote ndicho kinachovuja

Mabomba hufungwa kwenye mashine kwa nati nne tu, mbili ndani na mbili nje. Uvujaji mwingi wa AC za nyumbani huanzia hapo. Mtazame fundi anayejua kazi. Anakata shaba kwa kikatio cha gurudumu, kamwe si kwa msumeno, kwa kuwa msumeno huacha unga. Anauelekeza mdomo wa bomba chini kabla ya kukwangua ukingo wa ndani, ili chembe zidondoke sakafuni badala ya kuingia bombani. Anaipitisha nati kwanza, ndipo anapoupanua mdomo kwa pembe ya nyuzi 45. Kisha anautazama dhidi ya mwanga. Ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, au upande mmoja mpana kuliko mwingine, anaukata na kuanza upya bila kujadiliana na mtu.

Kukaza nako kuna kipimo. Nati ya bomba la robo inchi hukazwa kwa nyutoni-mita 14 hadi 18, na ya bomba la inchi tatu ya nane kwa 34 hadi 42. Spana zenye kipimo zipo. Pungufu yake huvuja leo. Zaidi yake huipasua shaba, ikavuja baada ya miezi michache, wakati fundi ameshasahau nyumba yako. Spana huwa mbili kila mara, moja ikishikilia na nyingine ikigeuza, la sivyo bomba lenyewe hujisokota.

Kupima kwa oksijeni kunaweza kuua

Baada ya kuunganisha, mabomba hujazwa gesi nyingine yenye presha kubwa ili kuona kama yanavuja. Gesi sahihi ni nitrojeni kavu, iliyopunguzwa nguvu kwa regyuleta. Anayechukua mtungi wa oksijeni kwa kuwa ndio uliopo karakana ya kuchomelea anahatarisha maisha. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Hakuna haraka wala uhaba wa vifaa unaohalalisha jambo hilo.

AC zenye gesi ya R-32 au ya R-410A hupimwa kwa presha kubwa, mara nyingi bari 30 na kuendelea kadiri mtengenezaji alivyoagiza. Fundi hupaka povu la sabuni kwenye kila nati na kusubiri. Tundu kubwa hupuliza mapovu mara moja. Lile dogo hufanya povu jeupe, laini, linalokua polepole kwa dakika kadhaa. Asiye na subira atalipita.

Presha ikishuka usiku, huenda hakuna tundu

Tuseme fundi amejaza nitrojeni saa nane mchana, geji ikasoma bari 30 na joto la nje likiwa nyuzi 34. Amerudi alfajiri, joto ni nyuzi 24, geji inasoma 29. Je, inavuja? Hapana. Gesi iliyofungiwa hupoteza presha inapopoa, na kwa tofauti ya nyuzi kumi bari moja hivi hupungua yenyewe. Kwa hiyo fundi makini huandika vitu viwili ukutani kwa kalamu: presha na joto la saa ile. Akiandika presha peke yake, anaweza kushinda kutwa nzima akitafuta tundu lisilokuwepo, au akalisamehe lililopo.

Maji huchemka bila moto

Nitrojeni ikishatolewa, hewa na unyevu uliobaki ndani ya mabomba lazima uondolewe. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mafundi huiita kupiga vakyumu. Presha ya hewa usawa wa bahari ni maikroni 760,000. Kila maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita ya zebaki. Pampu inaposhusha presha ya bomba mpaka maikroni 32,000 hivi, maji yenye joto la nyuzi 30 huanza kuchemka papo hapo, bila moto wowote, na mvuke wake kunyonywa nje. Fundi huendelea kushuka hadi maikroni 500 au chini yake, mahali ambapo hakuna tone linaloweza kubaki.

Kwa nini jasho lote hilo kwa ajili ya unyevu usioonekana? Kwa sababu mafuta yanayotumika pamoja na R-410A na R-32 huyavuta maji kwa nguvu. Yakishachanganyika na maji na kupata joto la kompresa huzaa asidi, na asidi hula vanishi ya nyaya za mota. AC haifi siku hiyo. Hufa mwaka wa pili au wa tatu, na lawama hupewa kiwanda.

Kisha kuna jaribio zuri linalochukua dakika kumi tu. Fundi hufunga valvu, huzima pampu na kutazama geji ya maikroni. Namba ikipanda kidogo na kusimama, kuna unyevu uliobaki. Pampu iwashwe tena. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Ikitulia chini, bomba limekauka na halivuji. Saa haiwezi kusema hivyo. Fundi anayekuambia "nimepiga vakyumu nusu saa" amekupa muda, na unachohitaji ni namba.

Geji ya Mombasa hudanganya Nairobi

Geji za kawaida za fundi husoma tofauti kati ya presha ya ndani ya bomba na hewa iliyoizunguka geji yenyewe. Mombasa, kando ya bahari, vakyumu kamili husomeka takriban inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na vakyumu kamili husomeka 24 tu. Fundi aliyezoea pwani akipanda bara ataishutumu pampu yake bure, akisubiri inchi sita ambazo hazitakuja kamwe.

Kasoro kubwa zaidi ya geji ya mshale iko kwingine. Kati ya maikroni 5,000, ambako unyevu ungali ndani, na maikroni 500, ambako bomba ni kavu, mshale husogea chini ya robo inchi ya zebaki: takriban upana wa mshale wenyewe. Jicho la binadamu haliwezi kuiona tofauti hiyo. Geji ya dijitali ya maikroni haijali mwinuko, iwe Kigali, Arusha au Lamu, na fundi anayeibeba begini ameshakuambia mengi kuhusu kazi yake.

Kupuliza mabomba kwa gesi ni njia ya mkato yenye gharama

Wasio na pampu hufungua kidogo gesi iliyokuja na mashine, wakaiacha isukume hewa itoke upande wa pili, kisha wakakaza nati. Dakika moja, kazi imekwisha. Hewa fulani hubaki, unyevu hubaki wote ulioganda kwenye kuta za bomba, na kiasi cha gesi kilichopimwa kiwandani hupungua. Hewa iliyobaki haigeuki kimiminika, kwa hiyo hukaa kwenye mashine ya nje ikiilazimisha kompresa kusukuma kwa nguvu zaidi kila siku. Umeme wako wa LUKU huisha mapema na huelewi kwa nini.

Anga nayo hulipa. Kilo moja ya R-410A ina nguvu ya kuongeza joto la dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa. Gramu 100 tu zilizopulizwa dirishani ni sawa na zaidi ya kilo 200. R-32 ina nguvu ya 675, karibu theluthi moja ya hiyo, na hiyo ni sababu kubwa ya watengenezaji kuhamia huko.

Mji wa Kigali umeandikwa katika historia ya gesi za AC

Tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa karibu 200 yalikubaliana jijini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za aina ya R-410A na ndugu zake. Makubaliano hayo yaliongezwa kwenye Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ile iliyoinusuru tabaka la ozoni, na yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, zilipewa mwaka 2024 kuwa mwanzo wa kusimamisha ongezeko, na kupunguza kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Oman na nchi nyingine za Ghuba, zenye joto kali, zilipewa muda zaidi, hadi 2028.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii: AC ya mtumba yenye R-22 inaweza kuonekana nafuu, lakini gesi yake inaelekea kuondolewa sokoni chini ya itifaki hiyo hiyo, kwa sababu huharibu ozoni. Kuijaza kutazidi kuwa ghali. Cha rahisi ghali.

Gesi ya AC haiishi

Magari huchoma mafuta, jiko huchoma gesi. AC haichomi chochote. Gesi iliyomo huzunguka ile ile, mwaka baada ya mwaka, na mashine iliyofungwa vizuri yaweza kuzeeka bila kuongezwa hata gramu. Fundi anayekuja kila Desemba "kuongeza gesi" anakuthibitishia kwamba kuna tundu, na kwamba hakulitafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta: gesi ikipungua, bomba jembamba hushika barafu, baridi hupotea, na kompresa, ambayo hupozwa na gesi hiyo hiyo inaporudi, hupata joto mpaka ikaungua.

Gesi hupimwa kwa mzani

Mashine nyingi ndogo huja na gesi inayotosha bomba la mita 5 hadi 7 na nusu. Zaidi ya hapo, kijitabu hutaja gramu za kuongeza kwa kila mita, mara nyingi 20 au chini kidogo kwa mashine ndogo za R-32. Fundi huuweka mtungi juu ya mzani na kutazama namba zikishuka. Kujaza kwa kutazama geji pekee ni kubahatisha, kwani presha hupanda na kushuka kwa joto la nje, vumbi la filta na mwendo wa inveta. R-410A, ambayo ni mchanganyiko nusu kwa nusu wa R-32 na R-125, hujazwa ikiwa kimiminika ili gesi hizo mbili zitoke mtungini kwa uwiano wake.

R-32 yenyewe hushika moto, ingawa si kwa wepesi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini. Anayefanya kazi nayo hufungua madirisha na kuweka mbali sigara na moto.

Dakika tatu baada ya umeme kurudi

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa iliyosimama ina presha kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili. Ikilazimishwa kuanza hapo hapo, mota huvuta umeme mwingi bila kuzunguka. Ndiyo maana AC husubiri dakika tatu hivi kabla ya kuunguruma, hata ukibonyeza rimoti kwa hasira. Pale umeme unapoyumba, kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha huongeza usalama. AC pia huhitaji breka yake peke yake na waya wa ethi. Nyaya za kuunganisha mashine mbili nazo hufuata namba, moja kwa moja na mbili kwa mbili, maana zikibadilishana mashine hutoa msimbo wa hitilafu, na wakati mwingine bodi huungua.

Upepo wa bahari hula mashine ya nje

Mapezi membamba ya alumini yaliyozunguka mabomba ya mashine ya nje hushambuliwa na chumvi. Nyumba inayoitazama bahari inahitaji mashine yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, kona isiyopigwa na upepo wa moja kwa moja, na kuoshwa kwa maji baridi safi mara kwa mara, presha ikiwa ndogo ili mapezi yasilale.

Mashine ile ile huweza kupasha joto

AC nyingine zina alama ya jua kwenye rimoti. Ndani yake kuna valvu ya kugeuza mwelekeo wa gesi, na mashine huwa pampu ya joto: huchukua joto la nje na kulileta ndani. Hata hewa baridi ina joto la kuchukuliwa. Hita ya kawaida hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto. Pampu ya joto, kwa uniti ile ile, yaweza kuleta tatu au zaidi ikiwa baridi si kali mno. Wazo hili ni la zamani: miaka ya 1850 Peter von Rittinger wa Austria alijenga mtambo wa namna hiyo kwa ajili ya kukaushia chumvi. Katika ubaridi wa Julai kule Limuru, Njombe au Makete, alama hiyo ya jua ina thamani yake.

Huko Maine, Marekani, ambako miji ya Portland na Lewiston ina familia nyingi zilizotoka Kongo, Rwanda na Burundi, jimbo lilijiwekea lengo la kufunga pampu za joto 100,000 ifikapo 2025. Lilifikiwa mwaka 2023. Kule mashine ya nje huinuliwa juu ya stendi ili isifunikwe na theluji; pwani kwetu huinuliwa ili isizame mvua za masika zikifurika. Kuna jambo jingine linalowashtua wageni wa baridi: kila baada ya muda mashine huacha kupasha, na moshi mweupe hupanda kutoka nje. Si moto. Imejigeuza kwa dakika chache kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye mapezi yake, na kile ni mvuke.

Kipimajoto kidogo humaliza ubishi

Baada ya mashine kufanya kazi dakika 15 au 20, feni ikiwa juu na madirisha yamefungwa, pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili njema. Chini ya hapo, tazama filta, gesi au ukubwa wa chumba. Hewa ya pwani yenye unyevu mwingi huishusha tofauti hiyo kidogo, kwa kuwa sehemu ya nguvu inatumika kukamua maji. Kisha fundi azungushe klampu mita kwenye waya mmoja na kulinganisha ampea na lebo ya mashine.

Maswali matano kabla ya kulipa

Uliza hivi, na uandike majibu nyuma ya kijitabu cha mashine. Mabomba yalipimwa kwa nitrojeni ya bari ngapi, na kwa muda gani? Vakyumu ilifika maikroni ngapi, na ilipofungwa ilipanda hadi ngapi? Ziliongezwa gramu ngapi za gesi, kwa bomba la mita ngapi? Maji yalimiminwa kwenye trei na yakatoka? Tofauti ya joto na ampea ni ngapi?

Fundi aliyefanya kazi atajibu papo hapo na atafurahi kuulizwa, kwa sababu ni wachache wanaouona ujuzi wake. Chuo kama VETA huwafundisha vijana fani hii. Kinachowavunja moyo ni wateja wanaolipa sawa kwa aliyepima na kwa asiyepima. Mlipe zaidi kidogo yule mwenye pampu, mzani na geji. Majibu yake matano nyuma ya kijitabu yatamfaa pia fundi atakayekuja miaka mitano baadaye, maana atajua mashine ilikuwaje siku ilipokuwa nzima.